Kikuza Sauti kwa Bei ya Viatu

Jumatatu, 6 Mei

Siku imeanza vibaya. Mke wangu kanisindikiza mlangoni na maneno yake yaleyale ya kila asubuhi: Nenda sasa. Mwaka wa pili huu nafukuzwa nyumbani kwangu kama kuku aliyeingia jikoni. Nikamjibu kwamba naenda, naenda, na mlango nikaubamiza.

Kazini ndiyo balaa lenyewe. Madamu kaniita ofisini kwake kabla sijavua koti. Mezani kwake zilikuwepo kumbukumbu za mkutano wa Chama cha Wafuga Nyuki, nilizoziandika mimi kwa kusikiliza kinasa sauti, neno kwa neno. Kalamu nyekundu kila mahali. Nilidhani ni pongezi.

Akaanza kunisomea. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwamba Mwenyekiti aliwashuku wanachama kwa uaminifu wao. Kumbe aliwashukuru. Ukurasa wa pili wanachama wapya wamekula kiatu mbele ya wote. Kilikuwa kiapo. Ukurasa wa tatu Mwenyekiti alifura alipowaona wageni, kumbe maskini alifurahi tu. (Namjua Mwenyekiti kwa sura. Mashavu yale! Kosa hilo lingempata yeyote.) Lakini lililomtoa Madamu machozi, sijui ya kicheko au ya hasira, ni la ukurasa wa nne: kwamba kila mwanachama atapewa mjinga mmoja wa kuanzia, na chama kitamfundisha namna ya kumtundika mtini. Mzinga, akasema Madamu. Mzinga! Watu hawa wanafuga nyuki!

Hukumu yake ni hii. Jumatatu ijayo wafuga nyuki wataleta sauti za mkutano wao maalumu. Nitaziandika peke yangu. Jumatano Mwenyekiti atakuja mwenyewe, nami nitasimama nimsomee. Neno moja likienda kombo, nahamia masijala, chumba cha chini kisicho na dirisha, nikalinde mafaili. Meza yangu ya dirishani na cheo cha Mwandishi Mkuu atachukua Koma.

Koma! Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuandika maneno matatu bila kutia koma. Miaka tisa nimekaa kwenye dirisha lile. Nimeona mti wa nje ukikua. Nikihamishwa chini nitakufa, sifanyi mzaha.

Kosa si langu. Hedifoni zangu zinanong'ona. Sauti nimepandisha mpaka mwisho na bado watu wanazungumza kama wamejifunika blanketi. Koma, kwa upande wake, ana kijisanduku mezani chenye taa ya kijani, anachomeka hedifoni zake humo, anasikia mpaka mawazo ya watu. Basi siri ndiyo hiyo. Kijisanduku!

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Yeye kasema tatizo ni masikio. Eti televisheni yetu majirani wanaifuatilia bila kununua ya kwao. Eti dada yake ni muuguzi, nimwone, ni kazi ya dakika moja. Mimi! Babu yangu mzaa baba alisikia sindano ikianguka nyumba ya pili, na akasema imeanguka kwenye zulia. Masikio haya ni ya urithi.

Kisha kanipa pesa ya viatu. Anasema sitasimama mbele ya Mwenyekiti na viatu vilivyofungua midomo. Nimezipokea kwa adabu. Nina mpango.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa fundi redio na hedifoni zangu kwenye mfuko wa karatasi. Bajeti: jozi moja ya viatu vya wastani. Nimepanga kutomwambia mke wangu.

Kanipangia vijisanduku vitatu mezani. Kikubwa: kizito, taa ya buluu, bei ya viatu vya familia nzima pamoja na upande wa mke. Cha kati: taa ya kijani kama cha Koma, bei ya jozi mbili na mkanda. Kidogo: bei yangu kabisa, lakini hakina taa. Sasa kifaa kisicho na taa utajuaje kama kinafanya kazi? Fundi kasema utajua kwa kusikia. Nikamwona hajasoma.

Akaniuliza hedifoni zangu zina omu ngapi. Nikamjibu mbili, moja kila sikio. Akanieleza kwamba omu ni kipimo cha jinsi hedifoni zinavyoukatalia umeme, na zangu ni za omu thelathini na mbili, laini, hata simu inazisukuma. Amplifaya ni ya hedifoni ngumu. Hiki kidogo kitaniongezea mvumo tu, hivyo vingine ni kutupa pesa. Nikamrekebisha: mtu wa kalamu hasemi amplifaya, anasema kikuza sauti. Akasema sawa mkubwa, basi hicho kikuza sauti hukihitaji.

Fundi anayekataa kuuza! Nikajua kuna kitu. Nikamwambia azijaribu mwenyewe, kwenye kompyuta yake, kwa kiwango ninachotumia mimi. Akazivaa. Akazivua haraka mno, kofia ikaenda nazo. Alipookota kofia akanitazama kwa huruma, akasema jambo fulani kwa sauti ya chini. Sikulishika. Bila shaka alikuwa anapunguza bei, lakini nilikwisha kasirika, nikaondoka.

Jumatano, 8 Mei

Mpango wa pili. Kabla ya kununua, mtu mwenye akili anajaribu. Koma anakwenda kula saa saba kamili. Saa saba na dakika moja nilikuwa kwenye kiti chake.

Nikachomeka. Nikasikiliza. Blanketi lilelile! Nikazungusha kitufe. Blanketi. Nikazungusha mpaka kikagoma kuzunguka, ndipo sauti ikawa ya wastani, ya mtu mwenye mafua aliyeko chumba cha jirani. Nimeelewa mara moja: Koma amekiharibu kusudi, akijua nitakuja. Roho mbaya ina kazi nyingi.

Nikasikia hatua. (Sikusikia, niliona kivuli.) Nikaruka mpaka mezani kwangu. Koma kakaa, kamimina chai, kavaa hedifoni zake, kabonyeza.

Sijawahi kumwona mtu mzima akiruka hivyo akiwa amekaa. Chai yote ikaishia kwenye suruali. Kajitetea kwa Madamu kwamba kuna mtu kagusa kitufe chake. Madamu kamtazama, kisha kanitazama mimi. Nilikuwa nimeinama nanoa penseli. Hatutumii penseli ofisini.

Alhamisi, 9 Mei

Ushindi! Nimekipata.

Jana nilipekua matangazo ya vitu vilivyotumika kwenye simu. Amplifaya, amplifaya, amplifaya, na zote bei za kuua. Nikajiambia nitafute kwa Kiswahili sanifu, mwenye lugha safi atakuwa na mali safi. Likatoka tangazo moja tu, zuri kama shairi: KIKUZA SAUTI CHA MASIKIO. KIMETUMIKA KIDOGO. BEI NI MAELEWANO. Hatimaye binadamu mwenye elimu!

Nimepiga simu leo. Mama mmoja, mwalimu mstaafu. Mitandao ya siku hizi mibovu, ikabidi apige kelele. Akanielekeza nyumba yenye geti jeusi. Nikabisha geti jeusi, akatoka mbwa. Lilikuwa geti jeupe, upande wa pili wa barabara, na mama mwenyewe alikuwa juu ya kiti ananipungia kitambaa.

Mwanamke mwema sana. Kanikaribisha ndani akiongea polepole, kwa sauti kubwa, uso wake mbele ya wangu. Akasema kilikuwa cha mzee wake, sasa mzee kanunuliwa kipya. Akaniuliza ni sikio gani. Nikasema yote mawili, mimi kazini siwi nusunusu. Akanishika mkono. Pole mwanangu, akasema, na bado kijana. Nikamwambia ni kazi tu, mama, siku nzima sauti za watu kichwani. Akatikisa kichwa, akasema kazi za kelele zinamaliza watu.

Nilipotaja bajeti akapunguza. Nilipovuka miguu akaona viatu vyangu, akapunguza tena. Nimezaliwa na kipaji cha kununua, sikulijua hilo. Pesa iliyobaki inatosha jozi ya ndala.

Kifaa chenyewe ni ajabu. Kidogo kama haragwe, rangi ya ngozi, kinaning'inia nyuma ya sikio na kuingiza kipira laini ndani. Hakina taa. Hakina hata mahali pa kuchomeka hedifoni! Bila shaka ni cha kisasa zaidi kuliko cha Koma. Unakivaa, kisha unavaa hedifoni juu yake.

Ijumaa, 10 Mei

Nimekivaa kazini. Kikapiga mluzi. Koma kafungua dirisha kumtafuta ndege. Nikakibonyeza, kikatulia, na halafu, jamani!

Nilisikia kila kitu. Viatu vya Madamu ukumbini. Koma akitafuna penseli yangu aliyoikamata kama ushahidi. Hedifoni zilikuwa zinaning'inia msumarini na bado kinakuza! Hakijaunganishwa popote! Fundi redio na omu zake thelathini na mbili anaweza kwenda kulala. Nimeandika kurasa sita za mkutano wa zamani kwa majaribio, Madamu kapitia, kalamu nyekundu haijatoka mfukoni.

Koma kauliza ni nini hicho nyuma ya sikio. Nikamwambia ni chombo cha kitaalamu, hakina nyaya, asingekielewa. Kakitazama sana. Kisha kanigusa bega na kusema pole, kwa upole kabisa, na akaninunulia andazi. Wivu unavyomlegeza mtu!

Nyumbani nakivua na kukificha ndani ya soksi. Habari ya viatu bado sijaitolea maelezo.

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu kauliza viatu viko wapi. Nikasema namba yangu imekwisha dukani, wanaleta. Kanitazama kama mtu anayesoma hati mbaya. Mlangoni: Nenda sasa. Nikabamiza.

Sauti za wafuga nyuki zimefika saa tatu. Mkutano uliochukua saa nne, watu wanagombea uongozi, wanaongea wote pamoja, na nadhani nyuki wenyewe walikuwepo. Lakini kifaa changu kikawatenganisha kama mchele na chuya. Kufika saa nane nilikuwa nimemaliza nusu ya kazi. Nikaanza kufikiria Koma akiikosa meza yangu nitamsalimia vipi.

Saa nane na robo kikafa. Pii, pii, kimya. Blanketi likarudi.

Nimekimbia kwa fundi redio. Kakigeuza geuza, akaniuliza nimekipata wapi, akauma midomo. Kasema ni betri, na betri za aina hii haziuzwi kwake, zinauzwa duka la dawa. Duka la dawa! Nikacheka mpaka nikashika mlango. Kikuza sauti na dawa wapi na wapi? Fundi ananilipizia kisasi cha amplifaya.

Jumanne, 14 Mei

Naandika haya jioni.

Asubuhi nusu ya pili ya sauti ilikuwa inanisubiri. Mtu wa kwanza kusema nilimsikia akisema "mmm mmm mizi mmm". Inaweza kuwa mizinga. Inaweza kuwa mizigo, mizizi, au mizimu. Nikainuka kuazima kijisanduku cha Koma. Amekifungia kwenye droo. Ndipo nikawaza kwamba labda kifaa changu hakijafa, kimelegea tu, kikisogezwa ndani kitashika. Nikakisukuma kwa kidole. Nikakisukuma kwa mfuniko wa kalamu. Nilipokivuta, kilitoka chenyewe. Kipira chake hakikutoka.

Nikatikisa kichwa. Nikaruka kwa mguu mmoja. Nikalala juu ya meza, sikio chini, Koma akinipiga piga mgongoni bila kuombwa. Hola! Madamu akampigia simu mke wangu, na mke wangu akaja na teksi, akanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Njiani nikakiri yote, viatu na haragwe na soksi. Hakusema neno, au kama alisema lilikuwa upande wa kipira.

Shemeji muuguzi kanikalisha, kachungulia sikio la kushoto kwa tochi. Akasema "haa". Akamwita muuguzi mwenzake aje aone. Yule naye akasema "haa" na akamwita wa tatu. Hainipendezi kutazamwa hivyo. Wakaleta maji ya vuguvugu, bomba la sindano lisilo na sindano, na bakuli. Kipira kikatoka. Nyuma yake kikatoka kitu kingine. Sitaki kukieleza. Shemeji kasema ni nta, na kwamba wafuga nyuki wangeijua ilivyo wangeniandikisha uanachama. La kulia lilikuwa baya zaidi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Halafu shemeji akakichukua kifaa changu, akaniambia kwa heshima zote, shemeji, hiki ni cha kusaidia wazee wasiosikia. Sikubishana. Yeye ni mtu wa mabomba, mambo ya sauti hayajui. Na hata kama wazee wanakitumia, ina maana wazee wanajua vitu vizuri.

Lakini nilipotoka nje, loo, dunia ina makelele! Kanga zinapeperuka kwenye kamba, nazisikia. Funguo za mtu wa ng'ambo ya barabara. Nimerudi ofisini mbio, nikavaa hedifoni, nikabonyeza, nikaruka kama Koma wa Jumatano. Nikateremsha sauti robo tatu. Saa kumi na moja nilikuwa nimemaliza. Kila neno, kila kikohozi.

Nimeshatafakari sababu. Kifaa changu kimeyapa masikio mazoezi kwa siku nne, yakakomaa. Ile nta ilikuwa njiani kutoka yenyewe.

Jumatano, 15 Mei

Siku ya hukumu. Nimevaa viatu vyangu vilevile, vya midomo wazi. Mke wangu kanisindikiza mlangoni, nikajiandaa kufukuzwa, mkono tayari kwenye kitasa.

Akasema: Nenda salama.

Nikaganda. Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa sauti ndogo, akininyoosha kola. Nenda salama, mume wangu. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu tuhamie nyumba hii, kila siku, na kila siku nambamizia mlango, mwanzoni alilia, baadaye akazoea. Nilisimama pale na koti mkono mmoja kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Mlango nikaufunga kwa vidole viwili.

Lakini njiani nimefikiri vizuri. Haiwezekani. Nilikuwepo mimi, siku zote, na masikio ya babu. Alikuwa anasema sasa. Amebadilika huyu, na najua kilichombadilisha: ameona mume anayejipanga. Nimemsamehe.

Mwenyekiti alifika na mashavu yake yote. Nikasimama nyuma ya kiti ili kifiche miguu, nikasoma kurasa thelathini na moja. Mizinga ilikuwa mizinga. Kiapo kililiwa, viatu havikuguswa. Madamu alishika kalamu nyekundu tangu mwanzo mpaka mwisho na hakuifungua. Mwenyekiti alishukuru (si kushuku), na alifurahi (nimehakikisha), na ameniletea chupa ya asali. Kasema tu kwamba zile kumbukumbu za kwanza asipewe mtu mwingine, anazihifadhi, mke wake anazipenda.

Meza ya dirishani ni yangu! Koma kanipa mkono. Nikamwonea huruma, nikamshauri atupe kijisanduku chake na kutafuta kikuza sauti cha kweli, kwa Kiswahili sanifu. Akasema asante, koma, atafikiri.

Jumatatu, 20 Mei

Mambo shwari. Mke wangu kaninunulia viatu mwenyewe, vyeusi, vya kamba. Kikuza sauti nimekiweka kwenye kasha la pete, droo ya juu.

Tatizo dogo tu. Skrini ya kompyuta yangu imeanza kuchakaa. Herufi zinavaa ukungu, hasa zile ndogo. Ijumaa niliandika kwamba wafuga nyuki watauza asili yao nje ya nchi. Ilikuwa asali. Madamu kanirudishia ukurasa na kalamu nyekundu, au buluu, sikuona vizuri. Wiki iliyopita skrini ya Koma ilibadilishwa. Naona jinsi hila hizi zinavyofuatana.

Mke wangu kasema ni macho. Eti shemeji ana mwenzake kitengo cha macho, ni kazi ya dakika moja. Mimi! Bibi yangu mzaa mama alitunga uzi kwenye sindano akiwa anatembea. Macho haya ni ya urithi.

Kwa bahati nimeshaona tangazo, la Kiswahili safi kabisa: KIKUZA MAANDISHI, KIMETUMIKA KIDOGO. Bei ni ya mkanda wa suruali, na pesa ya mkanda nilipewa jana.

Asubuhi mlangoni mke wangu kasema nenda salama, halafu akaongeza nirudi kwanza nibadilishe kiatu cha kushoto, nimevaa cha zamani. Nimeinama, nimevitazama vyote viwili kwa makini. Mimi naona vinafanana kabisa.